Mgeni Tunampa Jembe Lisilo na Mpini: Maandalizi ya Walimu wa Muda Wanaofundisha Uandishi Mtandaoni

(Haya ni maandishi ya hotuba niliyoitoa mbele ya wakuu wa idara, waratibu wa kozi na walimu wa muda kabla ya muhula kuanza. Nimeipunguza kidogo.)

Waheshimiwa wakuu wa idara, waratibu, walimu wenzangu, hamjambo.

Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie maandalizi ya walimu wa muda wanaofundisha uandishi mtandaoni, "hasa matumizi ya jukwaa la kujifunzia". Jukwaa nitaligusa kwa dakika tatu, halafu nitaliacha. Nadhani huko ndiko tulikopotelea.

Nianze na habari ambayo nusu ya mliomo humu mtaitambua. Mwalimu anapigiwa simu Alhamisi. Mhadhiri aliyepangiwa kozi ya uandishi ameondoka, masomo yanaanza Jumatatu. "Utaweza, Mwalimu?" Naye anajua kwamba akikataa hatapigiwa tena, kwa hiyo anasema ataweza. Ijumaa anatumiwa muhtasari wa kozi ulioandikwa na mtu asiyemfahamu. Nywila ya kuingilia kwenye mfumo haiji, maana mfumo haumfungulii mtu asiye na namba ya ajira, namba ya ajira haitoki mpaka mkataba usainiwe, na mwenye kuusaini yuko safarini. Wiki ya kwanza anafundisha kwa baruapepe yake mwenyewe na kundi la WhatsApp. Wiki ya pili akaunti inafunguka. Humo anakuta kozi ya muhula uliopita imenakiliwa nzima nzima, na tarehe zake za zamani, na wanafunzi wawili wameshatumiwa ujumbe na mashine kwamba wamechelewa kuwasilisha insha ambayo hata hawajaisikia.

Mwalimu huyo ni mimi. Chuo sikitaji, na wala si cha ajabu kuliko vingine.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi mgeni wetu tunampa jembe kabla hajakanyaga kizingiti, na jembe lenyewe halina mpini.

Baadaye chuo kile kiliona haya, kikaandaa mafunzo. Tulikaa siku mbili kwenye chumba cha kompyuta. Tulionyeshwa namna ya kupakia faili, kuweka tarehe ya mwisho, kufungua ukumbi wa majadiliano, kuingiza alama ili zijijumlishe zenyewe. Mkufunzi alikuwa kijana mwerevu na mpole, sina ugomvi naye. Lakini kwa siku mbili zile neno "insha" sikulisikia hata mara moja. Mwalimu wa hesabu, mwalimu wa biashara na mimi tulikaa benchi moja tukafundishwa kitu kilekile, kana kwamba kumfundisha mtu kuandika ni kumpakilia faili.

Machi 2013, chama cha walimu wa uandishi wa vyuoni nchini Marekani, kinachojulikana kwa herufi CCCC, kilitoa kanuni 15 za kufundisha uandishi mtandaoni. Ya pili inasema kozi ya uandishi mtandaoni ishughulike na uandishi, isigeuke kozi ya kuwafundisha wanafunzi teknolojia. Waandishi wa kanuni hiyo walikuwa na wanafunzi akilini, lakini mimi huwasomea wapangaji wa mafunzo ya walimu, kwa kuwa ugonjwa ni uleule. Vitufe mtu hujifunza kwa video fupi na mwenzake wa kumuuliza anapokwama. Basi, dakika zangu tatu za jukwaa zimekwisha.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Darasani mwalimu wa uandishi ana wasaidizi wengi ambao hata hawahesabu. Akisema "aya hii haijakaa sawa" huku anatabasamu, mwanafunzi anajua hajatukanwa. Akiona nyuso zimeganda, anarudia kwa maneno mengine. Akiulizwa swali mlangoni akiwa anatoka, analijibu, na watatu waliosimama nyuma wanasikia bila kuuliza. Mtandaoni wasaidizi wote hao wanaaga. Tangazo la wiki ni maandishi. Maelekezo ya kazi ni maandishi, na maoni ya pembeni mwa insha nayo ni maandishi. Hata ukirekodi video nzuri namna gani, mwanafunzi akitaka kujua Ijumaa anatakiwa awasilishe nini, atatafuta mahali palipoandikwa. Kwa hiyo mwalimu huyu anaifanya mchana kutwa kazi ileile anayoifundisha. Ni mwandishi, na wasomaji wake ni watu 30 ambao yeye hawaoni wanapokunja uso.

Ninalotaka kulisema leo ni hilo tu: tukitaka kumwandaa mwalimu wa muda kwa kazi hii, tumfundishe kuwaandikia wanafunzi wake. Hakuna siku ya mafunzo inayopita hilo kwa thamani.

Wala si jambo geni. Mwaka 1840, Uingereza ilipoanzisha posta ya bei nafuu, Isaac Pitman alianza kufundisha hati mkato kwa barua. Wanafunzi walimtumia mazoezi, naye akayasahihisha na kuyarudisha. Somo lilikuwa ndani ya masahihisho. Zaidi ya hayo hakukuwa na darasa. Miaka mia moja na zaidi baadaye, nchi hiyohiyo ikaanzisha Open University, chuo kinachowafundisha watu wakiwa makwao, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971. Watu hukumbuka vipindi vyake vya redio na televisheni. Wachache hukumbuka kwamba aliyekibeba chuo kile mgongoni ni mwalimu wa muda, aliyekaa kwake na rundo la kazi za wanafunzi akiandika maoni. Na kuna utaratibu wa chuo kile ambao nitaurudia baadaye, kwa sababu naona hatujauiga inavyostahili.

Niwaonyeshe ninachokisema. Hii ni aya ya mwanafunzi. Nimeitunga mimi, lakini kila aliyefundisha uandishi ameshaisoma mara mia:

"Simu zina faida nyingi na hasara nyingi kwa wanafunzi. Wazazi wengine wanakataa watoto wao wasiwe na simu lakini dunia imebadilika. Kwa hiyo simu ni muhimu kutumika vizuri."

Mwalimu, saa tano usiku, insha ya 22 kati ya 30, anaandika pembeni: "Fafanua zaidi. Wazo halijakomaa. Angalia sarufi."

Hakuna uongo hapo. Aya inahitaji kufafanuliwa, wazo ni bichi, na "wanakataa wasiwe na simu" inasema kinyume cha alichokusudia. Sasa tazameni rasimu ya pili inavyorudi:

"Simu zina faida nyingi sana na pia hasara nyingi sana kwa wanafunzi wote duniani. Wazazi wengine wanakataza watoto wao kuwa na simu lakini dunia ya sasa imebadilika sana kutokana na utandawazi. Kwa hiyo simu ni kitu muhimu sana kinachotakiwa kutumika kwa njia nzuri."

[Kicheko ukumbini.]

Mnacheka, lakini mwanafunzi huyu alitii. Aliambiwa "zaidi", akaongeza. Aliambiwa sarufi, akaitengeneza. Kuhusu "wazo halijakomaa" hakufanya lolote, na mimi simlaumu, maana sentensi ile haina kitendo ndani yake. Mtu anakomaza wazo kwa mkono gani? Darasani angekufuata na karatasi yake, "Mwalimu, hapa ulimaanisha nini?", nawe ungemwambia. Mtandaoni haulizi. Anaona haya, au ameshafunga dirisha, au amedhani ameelewa.

Mwaka 1982 Nancy Sommers, mtafiti wa Marekani, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake na wenzake juu ya maoni ambayo walimu wa vyuo huandika kwenye insha. Walikuta kwamba mengi ya maoni hayo hayakuihusu insha iliyokuwa mbele ya mwalimu. Yangeweza kupigwa kama muhuri kwenye insha nyingine yoyote. Walikuta pia mwalimu anasahihisha nukta na herufi katika sentensi ambazo, mstari wa chini, anamwambia mwanafunzi azifikirie upya kabisa. Hapo ilikuwa karatasi na kalamu. Siku hizi jukwaa linakuwekea ghala la maoni yaliyotayarishwa. Unabofya "Fafanua" na linajibandika lenyewe. Muhuri umepata injini.

Nilimwomba mwalimu mmoja wa muda aiandikie maoni mapya aya ile ya kwanza ya simu kama anamwandikia mtu mmoja, na asimwandikie zaidi ya mambo mawili. Ilimchukua muda, akafuta, akaanza tena. Akaja na hili:

"Umesema wazazi wanakataa, kisha hapohapo ukasema dunia imebadilika. Nikisoma nadhani unataka kuwajibu wazazi hao. Kama ndivyo, chukua hofu yao moja, uitaje kwa jina, halafu uijibu kwa kisa cha mwanafunzi mmoja na simu yake. Ukishamaliza, ifute sentensi ya kwanza uone kama aya inapungukiwa na kitu."

Angalieni alichofanya. Ameanza kwa kumwonyesha mwanafunzi kwamba amesomwa. Akasema amemwelewaje, ili akikosea mwanafunzi amrekebishe. Kisha kila sentensi ina kitendo ambacho mtu anaweza kukifanya akiwa peke yake chumbani: chukua, taja, jibu, futa, tazama. Sarufi ameiacha kwa makusudi, kwa sababu sentensi yenye kosa huenda isiwepo wiki ijayo. Huko kuacha ndiko kugumu kuliko yote. Mwalimu mwenye kalamu nyekundu mkononi huona kila kosa analoliacha kama deni. Mwenzangu huyo aliniambia mkono ulimwasha.

Je, mtu hufundishwaje hivyo? Kwa kuambiwa hafundishiki, nimejaribu. Kinachofaa ni kumkalisha kwenye kiti cha mwanafunzi.

Katika mafunzo tunayoyaendesha sasa, wiki mbili kabla ya muhula, mwalimu anaingizwa kwenye kozi kama mwanafunzi. Hana mamlaka ya kubadili kitu. Anapewa kazi ya kuandika ukurasa mmoja juu ya mwalimu aliyemfundisha kusoma, aiwasilishe kabla ya saa sita usiku wa Jumatano. Maelekezo tumeyaandika vibaya kusudi: tarehe iko kwenye tangazo, urefu uko kwenye faili jingine, vigezo vya alama viko mahali pa tatu. Jumanne usiku simu zinaanza. "Ndugu mratibu, naomba kuuliza, ni ukurasa mmoja au maneno 500?" Nawajibu kwa upole kwamba yote yapo kwenye jukwaa.

Kisha ninawarudishia kazi zao na maoni yangu: "Fafanua." "Mtiririko!" "Sarufi." "Kazi si mbaya." Mzee mmoja mwenye miaka karibu 30 ya kufundisha, mtu mtaratibu asiyepandisha sauti, alinipigia asubuhi yake. Alikuwa ameandika juu ya marehemu mama yake, ambaye ndiye aliyemfundisha kusoma, nami nikamwandikia "Mtiririko!" na alama ya mshangao. Akaniuliza mshangao ule ni wa nini. Nikamwambia ni wa kumfundisha kitu, na nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mimi mshangao huo nimewawekea watoto wa watu miaka yote hii." Tangu siku ile zoezi hili nawatahadharisha watu kabla, kwa sababu linauma kuliko nilivyodhani. Lakini sijapata lingine linalofundisha haraka hivyo.

Wiki ya pili wanaandika maelekezo ya kazi moja tu, wanampa mwenzao wa fani nyingine ayasome kwenye simu, siyo kwenye kompyuta, halafu amweleze mwandishi kwa maneno yake anatakiwa afanye nini, lini, na atajuaje kwamba amemaliza. Asipoweza, yanaandikwa upya. Nasisitiza simu kwa sababu mwalimu anatayarishia kozi kwenye skrini pana, wakati wengi wa wanafunzi wataifungulia kiganjani. Jedwali lenye safu sita linageuka vumbi. Faili lililopigwa picha badala ya kuchapwa halisomeki na programu inayomsomea asiyeona. Video ya dakika 40 inamaliza bando la mtu kabla hajafika kwenye swali. Mambo haya hayataki fundi. Yanataka mtu mmoja ayajaribu kabla ya wanafunzi.

Juu ya wanafunzi kusomeana rasimu nitasema machache. Ukiwaambia "toeni maoni kwa mwenzenu" utapata "Insha nzuri, hongera" mara 30, na kazi imeisha. Waweke watatu watatu, uwape jambo la kufanya lisilowezekana bila kusoma: nakili sentensi uliyolazimika kuirudia, useme ulipoirudia ulikuwa unatafuta nini. Hilo tu linatosha kwa rasimu ya kwanza.

Sasa naomba wakuu wa idara mnisikilize kwa karibu, maana sehemu hii haiwahusu walimu.

Chukueni kikokotoo. Kozi ina insha nne, kila moja ina rasimu mbili zinazosomwa na mwalimu. Maoni ya aina ile niliyowaonyesha, kwa kusoma na kuandika, tuseme dakika 20 kwa rasimu. Wanafunzi 20: rasimu 160, dakika 3,200, saa 53 na ushei. Wanafunzi 35: rasimu 280, dakika 5,600, saa zaidi ya 93. Hapo hajajibu baruapepe hata moja, hajaandika tangazo, hajaingia kwenye majadiliano. Mkataba wa mwalimu wa muda aghalabu unahesabu saa za kipindi, na kozi ya mtandaoni isiyo na saa za pamoja haina kipindi cha kuhesabu. Kwa hiyo saa zile 93 hazionekani popote kwenye karatasi zenu. Zinaonekana kwenye "Fafanua" ya saa tano usiku.

Kanuni zile za 2013 zilipendekeza kozi ya uandishi mtandaoni isizidi wanafunzi 20, na zikasema 15 ndiyo idadi bora. Zilisema pia mwalimu wa mtandaoni apewe mafunzo yanayohusu uandishi wa mtandaoni, na alipwe kwa haki. Nimewahi kujibiwa na mkubwa mmoja kwamba 20 ni ndoto. Huenda. Lakini mwenye kumpa mwalimu 35 na kutaka maoni ya wanafunzi 15 anadai kitu ambacho hakukinunua. Ikiwa idadi haishuki, punguzeni insha kutoka nne hadi mbili, ziandikwe vizuri. Na mafunzo ya wiki mbili ninayoyasifu hapa lazima yalipwe. Mwalimu wa muda anayefundisha vyuo viwili au vitatu ili mwezi uishe, ukimwita mafunzoni bila malipo unamtoza faini kwa kutaka kuwa mwalimu mzuri. Atakuja mara moja kwa adabu. Mara ya pili atakuwa na udhuru, na atakuwa na haki.

Tena mpeni kozi mapema. Sizungumzii jambo kubwa. Akaunti ifunguliwe siku anayokubali kazi, kabla ya mkataba kuzunguka ofisi zote. Apewe kozi iliyojengwa tayari, yenye kazi zilizojaribiwa, lakini aachiwe nafasi ya kuandika matangazo na maoni kwa sauti yake. Kuna vyuo vinamfungia kila kitu mpaka anakuwa mgawa alama, na vingine vinamwachia ukurasa mtupu siku tatu kabla. Nikilazimishwa kuchagua, nitachukua kozi iliyojengwa ambayo mlango wake haukufungwa kwa kufuli.

Najua swali linalosubiri, kwa sababu niliulizwa kwenye ngazi nikija. Akili unde. Tangu ChatGPT itolewe Novemba 2022, walimu wa muda ndio waliobaki peke yao na tuhuma. Wa kudumu ana kamati ya kumuuliza. Wa muda ana insha iliyonyooka kupita kiasi na kifaa cha kupima kinachomwambia "asilimia 80 ni mashine".

Msiwafundishe kukiamini kifaa hicho. OpenAI, wenye ChatGPT, walikuwa na kipimo chao wenyewe, wakakiondoa Julai 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivipa vipimo saba insha 91 zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo za binadamu zilihesabiwa kuwa za mashine. Sababu inaeleweka: mwenye msamiati mdogo huandika sentensi zinazotabirika, na vipimo hivyo huwinda kutabirika. Yaani anayekamatwa ni yule hasa aliyekuja kwetu kujifunza.

Kinachosaidia ni kilekile cha zamani. Taka rasimu ya kwanza ikiwa mbichi. Uliza kwenye maoni swali ambalo mwenye insha pekee ndiye anayelijua: kwa nini ulikitoa kile kisa cha dada yako? Mwanafunzi aliyeandika atakujibu kwa mistari minne kabla hujafunga dirisha. Ambaye hakuandika utaona anavyozunguka, na hapo zungumza naye kwa simu kama mtu na mtu. Sisemi kwamba utawakamata wote. Mimi mwenyewe nimeshadanganywa, na mara moja nimemshuku msichana ambaye hakuwa na kosa, na hiyo ya pili ndiyo inayonikosesha usingizi.

Niliahidi kuurudia ule utaratibu wa Open University. Kule, sehemu ya kazi zilizosahihishwa na mwalimu husomwa na mwenzake mzoefu, na kinachotazamwa kwa karibu ni maoni ya mwalimu mwenyewe: yanasaidia, yanaeleweka, yanalingana na alama? Kisha mwalimu anaandikiwa. Kwetu mwalimu wa muda hukaguliwa kwa namna mbili: wanafunzi wanajaza fomu mwishoni mwa muhula, na mfumo unaripoti ameingia mara ngapi. Mara ngapi! Mlinzi wa geti naye ana daftari la namna hiyo.

Ninapendekeza kila mwalimu mpya, wiki ya nne, atoe insha tatu alizokwisha kuzitolea maoni, achague mwenyewe zipi. Mwenzake, siyo mkuu wake, asome maoni tu na amwandikie barua fupi akifuata sheria ileile: mambo mawili, kila moja lina kitendo. Wiki ya kumi wabadilishane. Ukisoma maoni ya mwenzako unakutana na yako. Niliwahi kusoma ya binti mmoja aliyeanza kazi mwezi huo, akawa amemwandikia mwanafunzi, "Hapa nilicheka, sijui kama ulitaka nicheke." Nimefundisha miaka mingi, na sikuwahi kufikiri kumwambia mwanafunzi kwamba nimecheka. Sasa nawaambia.

Nimeongea zaidi ya muda niliopewa, na mwenyekiti ameshanitazama mara mbili. Chini ya kila kiti kuna karatasi yenye aya moja ya mwanafunzi na nafasi wazi pembeni. Kuna zaidi ya makosa kumi humo. Hamtasahihisha hata moja. Mna dakika 15 za kumwandikia aliyeiandika. Mkimaliza, mpe aliyekaa kulia kwako, naye akwambie angekaa kwenye simu yake usiku wa leo akafanya nini. Wakuu wa idara, karatasi zenu zipo pia, nimezihesabu.